Te au Je

...na kwa nini lazima wote wamtazame yeye, kana kwamba herufi zimelala mfukoni mwake pamoja na ufunguo wa bweni na ganda la peremende, fundi ameinua chaki, mama ameinua kidevu, shangazi ameinua nyusi zake alizojichora asubuhi kwa wanja, moja imekubali kupanda, nyingine imegoma, na jiwe limelala katikati yao juu ya matairi mabovu, jeusi, limesuguliwa mpaka mtu anaiona pua yake ndani, jina la baba limeshachongwa, lote, hadi la babu yake, kazi safi, asiyeipenda ana lake jambo, limebaki neno moja tu la chini, na fundi wa watu, ambaye sikio lake la kushoto liliondoka zamani na kelele za mashine zake mwenyewe, ameuliza swali la kawaida kabisa la mtu asiyesikia vizuri, mmesema Tulia au Julia, naanza na Te au na Je, basi, hakuna zaidi ya hapo, mtu kauliza herufi, na mama, ambaye angeweza kumjibu mara moja yakaisha, mama ambaye tangu azaliwe hajawahi kumwachia mtu neno la mwisho, leo ndiyo siku aliyoichagua kuwa mnyenyekevu, kanyoosha kidole, "Muulize Profesa, ndiye anayesomea hayo. Liandikwe vilevile lilivyo kwenye wimbo."

Vilevile lilivyo kwenye wimbo... maneno ya kumtia mtu homa mchana kweupe, maana kwenye wimbo ule wa baba si Tulia, kwenye wimbo ni Julia, na katika uwanja huu wote wa mawe na vumbi, na katika ukoo mzima, anayelijua hilo ni yeye peke yake, amelijua tangu mwaka wa kwanza wa chuo na amelilalia kama kuku aliyelalia yai viza, haliangui, halitupi, na harufu anaisikia mwenyewe, na sasa wanamwambia aliweke juu ya kaburi la baba yake, Profesa, jina la kejeli hilo, alipewa na shangazi siku ilipojulikana kwamba anakwenda kusomea fasihi ya Kiingereza, shangazi akauliza fasihi inatibu ugonjwa gani, akaambiwa haitibu, akauliza basi inajenga nini, daraja au nyumba, akaambiwa haijengi, akasema haya Profesa, nenda kasome hadithi, sisi tulidhani hadithi mtu huambiwa bure kwao, na baba akacheka mpaka akashika ukuta, lakini usiku ule hakulala kwa furaha, mama ndiye aliyesema, alikuwa anageukageuka kitandani kama chapati... na shangazi sasa hivi anamwambia fundi, kwa sauti ya juu kwa sababu ya lile sikio, kwamba ingekuwa yeye wangeweka mstari mzima wa Kiingereza, mrefu, wenye heshima, maana marehemu kaka yake alifanya kazi na wageni, hakuwa mtu wa neno moja, na watu watakuja kusoma, wasije wakasema tulibana, na fundi anaitikia ndiyo mama, ndiyo mama, huku chaki imebaki hewani, vumbi jeupe limemkalia kwenye kope kama unga, mtu amezoea kusubiri ukoo ugombane, kazi yake ndiyo hiyo, nusu tindo, nusu subira.

Neno moja, kweli, lakini lina safari ndefu, lilitoka kwenye kaseti isiyo na gamba wala jina, mgeni mmoja aliiacha ndani ya mashuka hotelini, na baba ndiye aliyekuwa mpiga pasi wa mashuka ya hoteli, mashuka asubuhi, mashuka jioni, mpaka viganja vikawa laini kama vya mtoto na mikono imejaa alama za kuungua, akaulizia mwenye kaseti, hakutokea, akaileta nyumbani, akaitia kwenye redio yao iliyochanika spika, ile inayokoroma kabla ya kuimba, na humo ndani akatoka mwanamume wa ng'ambo mwenye sauti ya mtu aliyemeza mchanga, akaimba weee akaimba, hakuna aliyeelewa hata punje, mpaka kwenye kiitikio, ndipo nyumba nzima ikatega masikio, maana yule mtu wa ng'ambo alisema kwa sauti, peupe, Tulia wee, amwoke Silo... Tulia wee, amwoke Silo... na mama wakati huo ndiyo kwanza ameingia kutoka kazini, mpishi wa shule ya bweni, mwiko wake mrefu kuliko watoto aliowapikia, nyonga inamuuma, kaingia na vita yake ya siku ile, mtunza stoo kafanya hivi, mwalimu wa zamu kasema vile, na baba akanyoosha kidole kwenye redio akamwambia, umesikia, habari zako zimefika hata kwa huyu, huko aliko anakwambia utulie, na mama, aliyekuwa hacheki mpaka Jumapili, akacheka, akakaa, akavua viatu, na toka siku ile ikawa ndiyo dawa, akiingia amefura baba anaimba Tulia wee, na yeye anajibu kwa kununa kwamba hatulii mtu hapa, huku ameshakaa, na Profesa na kaka yake wakiwa wadogo hawakuhangaika na Tulia, Tulia ilijieleza, walihangaika na Silo, Silo ni nani, Silo kafanya nini hata kila jioni aokwe, wakamuuliza baba, baba akasema Silo hakumsikiliza mama yake, na kwa muda mrefu yeye Profesa wa leo alikuwa akipita karibu na tanuri la mikate pale kwenye kona, anachungulia, amwone...

Na haikuwa Silo, wala hakuna aliyeokwa, ilikuwa *Julia, wait, I'm walking slow*, mwanamume anamwita mwanamke aliyemtangulia njiani, Julia, ningoje, mimi mwendo wangu wa polepole, basi, wimbo mzima ndio huo, mtu anaachwa nyuma, aliujua siku mhadhiri wa mashairi, yule wanafunzi wanayemwita Koma kwa sababu husimama kwenye kila koma kama basi kwenye kila kituo, alipowaambia kila mtu alete wimbo aliokua nao kwao, auchambue maneno, na yeye akafurahi kama mjinga, akaenda nyuma ya maktaba penye mapipa, akaiimbia simu kile kiitikio, simu ikafikiri, ikautambua, ikamletea na maneno, yamepangwa vizuri, na akayasoma amesimama... maneno ya wimbo yakiandikwa ni kama kuku aliyenyonyolewa, ndiye, huwezi kukana, lakini yule aliyekuwa akitamba uani yuko wapi, alitazama ile Je pale mwanzoni, ina mkia kama ndoano, akaitazama tena, akafikiri labda kuna Julia mwingine kwenye beti za mbele na Tulia yao imejificha mahali, akateremka mpaka mwisho wa ukurasa wa simu, hamna, Julia mtupu, na hakuuchambua wimbo ule, alichambua mwingine, wa mvua, hata hakuwa anaupenda, na Koma akamwandikia chini kwa wino wa kijani, kazi nzuri lakini wewe mwenyewe humo, na yeye akasema moyoni, bora nisiwemo, ningekuwemo ningemkuta na Silo.

Amechoka, hilo ndilo ambalo hawalioni hawa walioinua nyusi na chaki, amechoka na kusoma, si macho, macho yapo, kilichochoka kiko nyuma ya macho, kwenye mkoba hapa begani ana riwaya nene kama tofali la kuchoma, ya mtihani, na tangu wamzike baba yuko kwenye ukurasa uleule, kuna mvua inanyesha kwenye ukurasa ule, na watu wawili wamesimama chini ya mlango, na wiki zinapita na mvua haikatiki na wale watu hawaingii ndani, na kosa si la kitabu, zamani alikuwa anasoma kama mtu anavyokunywa maji, hata ganda la sabuni alisoma, siku hizi hawezi kusoma bila kalamu ya risasi mkononi, kila sentensi anaipapasa kama daktari anavyopapasa tumbo, unaumwa hapa, na hapa je, na sentensi maskini, nzima yenye afya, mwishowe inakubali kwamba inaumwa, na nyimbo ndiyo kabisa, hawezi tena kusikia wimbo ukapita, lazima ausimamishe aukague kama askari, umebeba nini humo, huyo unayemwita mpenzi ni nani, na mwenzake wa chumbani bwenini, msichana anayesomea uhasibu, ana roho yake nyepesi, huimba nyimbo za lugha asizozijua na kulia nazo machozi ya kweli, na siku moja yeye akajitia mwema, akamtafsiria, akamwambia huo unaoulilia ni tangazo la viatu, yule msichana akamtazama, akachukua ndoo yake akaenda kuoga, na hakuuimba tena, hata siku moja, na hakuna aliyemshukuru kwa elimu aliyotoa... hivyo anajua ladha yake, hakuna anayehitaji kumweleza ukweli wa wimbo unafanya nini ukifika kwa mtu, unaingia kama mgeni na unaondoka na fanicha.

Sasa mama. Mama amekaa kwenye kigoda cha fundi, mguu mbovu ameunyoosha mbele kama mtu aliyeutoa uuzwe, hajalia mbele ya watu tangu mazishi na halii leo, anawatazama vijana wa uwanja wa jirani wanaokata mawe na midomo yake inacheza, ana la kuwaambia kuhusu namna wanavyoshika mashine, analizuia, na asubuhi alipokuwa akivaa, shangazi akiwa sebuleni anahesabu mistari mirefu ya Kiingereza ya kuandikwa, mama alisema kutokea chumbani, hata mlango hakufungua, "Mimi nataka neno moja. Alinituliza yeye maisha yake yote. Sasa zamu yake, atulie," na shangazi, ambaye kwa mdomo hajashindwa na mtu yeyote aliye hai, alivaa viatu vyake, na yeye aliyekuwa anapiga mswaki alibaki na povu mdomoni, maana hapo ndipo alipoona shimo lilivyo refu, kwamba mama hataki wimbo, mama anataka lile neno amrudishie mwenyewe, na lile neno wimbo haukuwa nalo hata siku moja... na aseme nini sasa, aseme Je, ndiyo kweli, ndiyo walichomfundisha, Koma hupiga meza kwa kifundo cha kidole, soma kilichoandikwa, usisome unachotamani, na akisema Je ataulizwa kwa nini, na ataeleza, mbele ya shangazi, mbele ya mtu baki mwenye chaki, kwamba mama, ule wimbo ulikuwa wa mwanamke mwingine, miaka yote ile ulikuwa unavua viatu kwa jina la mtu mwingine, na je likiandikwa, Julia, chini ya jina la baba, kubwa, juu ya jiwe jeusi linalong'aa, mtaa mzima utaanza kumtafuta Julia ni nani, na atapatikana, maana mtaa haukosi Julia, atatolewa hata huko alikojificha, atapewa na watoto... na shangazi ndiye atakayekuwa wa kwanza kuwapa majina.

Na akisema Te. Akisema Te ni uongo, tena si uongo wa mdomo ambao upepo unaubeba, ni uongo wa tindo na nyundo, fundi amesema hapa sasa hivi, chaki inafutika, tindo haina msamaha, na akaongeza, kumchekesha mama, kwamba kuna familia mwaka ule aliwachongea Lala Salamu badala ya Lala Salama, akawapigia simu kuomba radhi, akawaambia leteni nichonge jingine, wakaenda wakakaa wakalitazama, wakakataa, wakasema liache, marehemu alikuwa mtu wa kusalimia sana, na mama akatoa kile kicheko chake cha puani, cha kwanza toka wiki zile, na shangazi akasema kwetu sisi fundi usituletee salamu, tuna msomi, na ndiyo hivyo tena, msomi, msomi anaulizwa, msomi amesimama na tofali lake begani... na kaka akijua je, kaka hajali, lakini kaka ana watoto, na watoto wa siku hizi wanazaliwa na simu mkononi, ipo siku mmoja atauimbia ule mdudu wake kiitikio cha babu na utamletea Julia, na atakuja mbio kwa bibi yake, bibi, bibi, kumbe... na bibi mtu atakuwa wapi wakati huo, atakuwa hai, huyu hafi leo wala kesho, ana ugomvi mwingi haujaisha.

Na baba angesema nini, swali la kijinga, wafu hawaulizwi tahajia, lakini hapo ndipo... ngoja... hapo ndipo kitu kinamsogelea, hakikuja kwa sababu ya swali, kimekuja kwa sababu ya kijana wa jirani aliyezima mashine na kuvua vile vizibo vyake vya masikioni, vya rangi ya chungwa, amevishika kiganjani, na yeye kavitazama tu, na pale pale ikamjia wodi, alasiri, dirisha lililokuwa halifungi, baba na maji yake kwenye mapafu amewekewa mito mitatu, na yeye alikuwa amekuja na simu na vile vya kusikilizia, akamwambia baba leo nakuletea wimbo wako, sikio moja langu moja lako, na hakufikiri, hilo ndilo la ajabu, alikuwa amesahau kabisa habari ya Julia, alitaka tu kumfurahisha, akabonyeza, na baba akafumba macho, ilikuwa mara yake ya kwanza kumsikia yule mtu wa mchanga bila kukoroma kwa redio, bila utepe kuvutika, sauti imesimama peupe kama shuka lililopigwa pasi, na kilipofika kiitikio baba akafumbua macho, akatazama dari. "Rudisha pale," akasema, yeye akarudisha. "Rudisha tena," akarudisha tena, na baba akaanza kucheka, bila sauti, kifua kinaruka, akacheka mpaka kikawa kikohozi na muuguzi akageuka, halafu akakitoa kile kidude sikioni kwa vidole viwili, kama mtu anavyotoa mwiba, akakiweka juu ya blanketi, akasema, "Mama yako usimpe hivi vya masikioni. Yeye asikilize kwenye redio yetu ileile."

Na yeye akafanya nini, yeye Profesa, yeye mwenye kalamu ya risasi, akamjibu baba kwamba huku sauti ni nzuri zaidi, na baba akasema ndiyo maana, na yeye akadhani mzee anaogopa vile vidude vinaharibu masikio, wazee wanasema hivyo, akavikunja akavitia mkobani, na yakaishia hapo, mpaka leo, mpaka hapa penye vumbi... alisikia, baba alisikia, mtu aliyekuwa anajibu wageni hotelini yes na no na good morning alijua Julia ni jina la mtu na wait ni ngoja, lazima alijua, ndiyo maana alirudisha, ndiyo maana alicheka, na kisha, na kisha si yapo mengine, jioni ileile mama akaingia, amepanda ngazi za ghorofa tatu na nyonga yake, lifti mbovu, amefura, kamkuta mlinzi kamjibu ovyo, chakula cha wodi kina chumvi ya mwendawazimu, yeye kapikia watoto mia tano hajawahi kutia chumvi vile, na baba kwenye mito yake, kwa pumzi iliyobaki, akamwimbia, Tulia wee, na ile Te aliitia nguvu, aliigonga kwenye meno kama mtu anayegonga mlango, Tulia, alikuwa ameshajua na akaimba Te, halafu akamtazama yeye binti yake juu ya bega la mama akafumba jicho moja, na yeye akadhani kaingiwa na kitu jichoni, akamletea kitambaa chenye maji, looo, kitambaa chenye maji, akamfuta na jicho, na mzee akakubali kufutwa, alikuwa na la kufanya gani, umemkonyeza msomi kakuletea maji.

Watu waliokufa zamani anawasoma, wamekaa nyuma ya maneno yao na milango imefungwa na yeye anawatoa, anapewa na alama, na mtu mmoja aliyekuwa hai, umbali wa mkono, alimwambia sentensi mbili na jicho moja, hakusoma kitu... kumbe ile harufu ya yai viza haikuwa yake peke yake, walikuwa wawili waliolilalia, siku zile za mwisho, na mwenzake aliona si yai viza, aliona ni lake la kuweka, na Koma naye apige meza yake anavyotaka, soma kilichoandikwa, haya, ni kweli, hakuna ubishi, lakini hapa hakuna kilichoandikwa, hapa chini jiwe ni tupu, maisha yake yote yeye amefika baada ya maneno, wenyewe wameshasema wakaenda zao yeye ndiyo anakuja na kalamu kuokota, na leo kwa mara moja amefika kabla, chaki iko juu, na atakayekuja kuokota ni mwingine, mtoto wa kaka, mwanafunzi wa kesho, mpita njia mwenye pua ndefu, asimame hapo asome, ajiulize Tulia maana yake nini, nani anamwambia nani, na ahangaike, kuhangaika ndiyo masomo yenyewe... na mama anamtazama, si kwa shaka, mama hana shaka, anamtazama kama anavyotazama sufuria iliyochelewa kuchemka, na uchovu uko palepale, haujaondoka, tofali liko palepale begani, ila kamba yake haimkati tena kama mwanzo, amelisogeza kidogo tu.

"Te," akasema, na palepale kijana wa jirani akavaa vizibo vyake akawasha mashine, jiwe likalia, na fundi akainama, akageuza lile sikio lake la heri, uso umekunjamana kwa kutaka kusikia, "Je?" akauliza, ameshaanza kuishusha chaki, na yeye akatikisa kichwa, Te, fundi, Te ya tumbo, Te ya tabu, na fundi akatikisa naye kichwa, hakusikia, akatabasamu kwa adabu ya viziwi, na shangazi akawageukia mawe yote ya uwanja kama mashahidi akasema tumeuza na mabati kumsomesha mtu huyu, na Te moja inamshinda kutamka, na mama akasema mwacheni, mwacheni atamke, na yeye akalizunguka jiwe mpaka upande wa lile sikio, vumbi linampanda miguuni, akajaza kifua, chaki ingali juu, nafasi ya neno ingali nyeusi tupu inang'aa, na ulimi ukajipeleka wenyewe nyuma ya meno, ukajibana hapo kwa nguvu, tayari kugonga...